Sikio la Ukutani

Asimwe hakupiga hodi nyumbani kwa Nyakato. Hodi ni sauti, na nyumba ile ilikuwa haitaki sauti. Alisimama kizingitini akakohoa, na kikohozi chenyewe akakimeza nusu, mpaka Nyakato alipomwona na kumpungia mkono aingie.

Nyakato alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa na kuvimba. Mimba yake ilikuwa imebakiza siku chache. Wiki iliyopita pacha wake, Nyangoma, alikuwa ameruka. Hapa mlimani Kyamurembe pacha hafi, huruka. Na aliyeruka haliliwi, maana kilio kikipanda juu humwita na yule aliyebaki. Kwa hiyo watu wa nyumba hiyo walipika bila kugonga sufuria, wakatembea peku, wakazungumza kwa mikono. Jogoo alikuwa amehamishiwa kwa wakwe, na inasemekana huko alikopelekwa aliwika kwa hasira ya siku zote alizonyimwa.

"Umekuja kunipima," Nyakato alinong'ona.

"Nimekuja kuipima nyumba, shoga yangu. Wewe sina kifaa chako."

Nyakato hakucheka. Alielekeza kidevu ukutani, mahali kilipotundikwa kishikwambi cha Baraza. Kila nyumba ya Kyamurembe ilikuwa nacho, kimeelekezwa sebuleni, kivinjari kimefunguliwa kwenye ukurasa mmoja usiofungwa mchana wala usiku. Ukurasa wenyewe uliitwa Sikio. Ulikuwa na tarakimu kubwa katikati na neno desibeli chini yake, basi. Ungedhani ni kitu cha mchezo.

Hakikuwa mchezo. Alhamisi mchana Rwechungura, jirani wa bondeni, alikuwa akichimba mchanga shimoni kwake, udongo ukaporomoka ukamfunika hadi kifuani. Alipiga nduru. Alipiga tena na tena mpaka pumzi ikamwishia, na hakuja mtu, akafia humo. Maiki za mlima mzima ziliinasa ile nduru, kila nyumba kwa kadiri yake. Kiwango cha mwitiko ni hamsini na tano. Nyumba ikisoma zaidi ya hapo, wenyewe wamesikia. Na aliyesikia akakaa, amekataa. Siku ile nyumba moja tu ilivuka kiwango. Ni hii ya Nyakato, na ilisoma sabini na moja.

"Sikusikia, Asimwe. Nakuapia kwa huyu aliye tumboni. Nilikuwa nimekaa hapahapa."

"Kesho utawaeleza."

"Sikio limeshawaeleza. Mimi nani?" Nyakato alishika tumbo. "Uzazi uliopita nilimwaga damu mpaka mkeka ukaelea. Ndege ya zahanati ndiyo iliyoniwahi, na ndege inaitwa na Sikio. Aliyefungiwa haitikiwi na mtu wala ndege. Wakinifungia, nitapiga nduru nani aje?"

Asimwe ndiye mpimaji wa Baraza la Mwitiko, na kazi yake ilikuwa kuthibitisha kabla ya shauri kwamba kifaa ni kizima. Alitoa mkobani kipimo cha mkononi, kile cha kiwandani kisichojua kivinjari wala mtandao, akakiweka sakafuni. Kisha akafanya kama wenyeji, akanyamaza.

Kipimo cha mkononi kilisema thelathini na tatu. Cha ukutani kilisema arobaini na moja. Tofauti ya nane si haba, lakini vifaa vizee hukosana. Akasubiri. Cha ukutani kikasema arobaini na saba. Hakuna aliyejongea. Hamsini na mbili. Asimwe akazuia pumzi. Nje kuku alichakura majani makavu mara moja tu, na tarakimu ukutani ikaruka hadi sitini na tatu, ikawa nyekundu. Kile cha sakafuni kilipanda hadi thelathini na tano tu, kikarudi.

Asimwe aliinuka akausogelea ukuta.

"Kimeharibika?" Nyakato alinong'ona, na kwa mnong'ono huo ukuta ukasoma themanini na moja.

Kingekuwa kimeharibika ingekuwa afadhali. Asimwe alikishusha akafungua mipangilio. Ukurasa wa Sikio hausikii, unahesabu. Unapokea namba kutoka kwenye maiki, maelfu kila sekunde, unatafuta ukubwa wao wa wastani, unaugeuza kuwa desibeli, kisha unaongeza kile kiasi kilichowekwa siku kifaa kilipofungwa, ili tarakimu ilingane na sauti ya kweli ya hewani. Hesabu hiyo ni safi maadamu maiki inasema kweli. Ila ndani ya kila kivinjari yupo msaidizi aliyetengenezwa kwa ajili ya watu wa mikutano. Anayenong'ona humkuza, anayefoka humpunguza, ili wote wasikilizane. Siku ya kwanza kabisa Sikio lilimwambia msaidizi huyo akae kando. Mwezi wa tatu kivinjari kilisasishwa, na amri ile ikaanza kupuuzwa. Hakuna onyo lililotokea, hakuna kilichozimika. Msaidizi alirudi kazini kimyakimya.

Nyumba ikinyamaza muda mrefu, msaidizi hudhani mtu ananong'ona, basi hukuza na kukuza. Na katika mlima mzima, Alhamisi ile, hakukuwa na nyumba iliyonyamaza kama ya watu waliozuiwa kulia.

Asimwe alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akamkumbuka Ta Kahangwa, mseja mzee aliyeishi peke yake bila hata redio. Sikio lake lilisoma sitini mwezi wa tano, akaapa hakusikia, akafungiwa. Alikutwa amekufa na mtu aliyekwenda kudai sufuria yake.

*

Ofisi ya Baraza ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kijiji, na kutwa nzima ilisikia redio. Redio zilikuwa zikiimba kila upande wa mlima. Mwaka huu watu wa Kyamurembe walikuwa wamependa redio kupita kiasi, na Asimwe alikuwa amedhani ni mambo ya mpira.

Alihitaji kujua nduru ya Rwechungura ilifika kwa ukubwa gani hasa, nyumba kwa nyumba. Msaidizi haachi alama, hukuza au hupunguza bila kusema kwa kiasi gani. Lakini ipo kengele ya shule. Inalia saa sita kila siku, kengele ileile, na nyumba hazijahama. Siku kifaa kinapofungwa, mlio wa kengele hupimwa nao pia. Rwechungura alianza kupiga nduru muda mfupi tu baada ya kengele. Kwa hiyo ukijua kengele inapaswa kusomeka ngapi katika nyumba, na siku ile ilisomeka ngapi, utajua msaidizi alikuwa amedanganya kwa kiasi gani.

Kwa Nyakato kengele husoma arobaini na nane. Alhamisi ilisoma themanini. Msaidizi alikuwa ameongeza thelathini na mbili. Toa hizo kwenye sabini na moja, unabaki na thelathini na tisa, sauti ambayo hata mwenye masikio ya sungura asingeitofautisha na upepo wa migombani. Nyakato alikuwa amesema kweli.

Angeishia hapo angelala salama. Lakini mpimaji akishaanza kupima haachi nusu. Akaendelea na nyumba nyingine, na karibu zote zikatoka chini ya kiwango kwa haki, hadi alipofika nyumba moja ya ukingoni mwa bonde. Kengele yake husoma sitini. Alhamisi ilisoma arobaini na tatu. Nyumba hiyo ilikuwa na kelele kubwa wakati ule, na msaidizi, kwa adabu zake za mikutanoni, alikuwa amepunguza kila kitu kwa kumi na saba. Nduru ilisoma arobaini na tisa, hivyo wenye nyumba hawakuitwa hata kuulizwa. Ongeza kumi na saba. Sitini na sita.

Asimwe alirudia hesabu. Akairudia tena akiomba akosee. Haikuwa nyumba ya mtu wa mbali. Ilikuwa nyumba aliyozaliwa, ya mama yake, Kokugonza.

"Umekuta nini?"

Ta Byabato, mwenyekiti wa Baraza, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na hakuna aliyemchukia hata miongoni mwa waliofungiwa. Kabla ya Sikio, enzi watu walipoanza kutembea na vipokea sauti vidogo masikioni, nyumba ya mdogo wake iliungua na watoto watatu ndani. Waliita, na majirani waliokuwa wakisikiliza mambo yao hawakutoka. Byabato ndiye aliyekwenda mjini kuomba vifaa, na ndiye aliyevifunga kwenye kuta zote kwa mikono yake.

Asimwe alimweleza. Byabato alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavuta kiti akakaa kwa uzito.

"Tangu mwezi wa tatu?"

"Ndiyo, Ta Byabato."

"Kahangwa?"

"Na Kahangwa."

Mzee alijifuta uso kwa kofia. "Waambie kesho kwamba kipimo ni cha uongo. Halafu keshokutwa mtu apige nduru. Nani atatoka? Kila mmoja atasema, 'Ah, lile Sikio si mlisema linakosea?' Mwanangu, mimi nawajua watu hawa. Hawaji kwa upendo. Wanakuja kwa sababu ukuta umewaona." Akainama mbele. "Binti yako alipotumbukia kwenye tangi la maji, walikimbia watu kumi na wawili. Uliwauliza walikimbia kwa nini?"

Hilo lilimchoma Asimwe, kwa kuwa alikuwa amelifikiria kabla ya mzee kulitamka. Mtoto wake alikuwa hai kwa sababu ya ule ukuta.

"Nyakato je? Tumfungie hivihivi?"

"Nani kasema? Nitamsamehe. Baraza lina huruma na mjamzito, sheria inaruhusu. Atajifungua salama, ndege itamjia. Wewe utarekebisha hicho kivinjari taratibu, nyumba moja baada ya nyingine, bila tarumbeta. Nani ataumia?"

Macho yake yakaangukia kwenye skrini. "Na hiyo ya sitini na sita ni ya nani?"

Asimwe aliifunika kwa kiganja, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Byabato alimtazama uso, akautazama mkono, akaelewa. Akavaa kofia. "Sijaona kitu," alisema. "Tena sitaki kuona."

*

Redio ya Kokugonza ilikuwa dirishani, inalia kiasi cha kutikisa vikombe. Mwenyewe alikuwa anamenya ndizi, goti lake baya limefungwa kitambaa, na alimpokea binti yake kwa furaha na lawama kama ilivyo kawaida ya mama.

"Umekonda. Huko ofisini mnakula desibeli?"

Asimwe alikwenda dirishani akaizima redio. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa, na mama aliacha kumenya.

"Mama, Alhamisi ulikuwa hapa?"

"Niende wapi na goti hili?"

"Ulimsikia Rwechungura?"

Asimwe alikuwa akiomba mama aseme hapana. Angelimwamini, angeliilaumu kengele, angelilaumu hesabu.

"Nilimsikia," mama alisema. "Nilikuwa palepale uani. Nikasema wapo vijana, watakwenda, mimi na goti hili nitafanya nini. Akalia tena. Nikasema sasa hivi wanafika. Akalia tena, Asimwe, akataja jina la mkewe." Kisu kilikuwa kimesimama. "Sikuweza kumsikiliza. Nikaingia ndani nikaongeza sauti ya redio."

"Kwa nini usitoke tu barabarani ukapokea nduru, ukaipitisha kwa wengine? Hilo halitaki goti."

"Sijui. Unadhani sijajiuliza? Najiuliza mpaka chakula hakipiti." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Redio ikiwa juu, Sikio haliiti mtu. Kila mtu hapa anajua, hatujui tu kwa nini. Sikuiwasha kwa ajili ya hilo siku ile. Lakini nilipoona hawajaniita, nilishukuru Mungu. Ndivyo nilivyo."

Asimwe alimtazama mama yake, akampenda na kumchukia kwa pamoja, na hakujua amshike mkono au aondoke. Aliondoka. Nyuma yake redio haikuwashwa tena.

*

Asubuhi ukumbi ulifurika. Mbele kulitundikwa kishikwambi kikubwa chenye ukurasa wa Sikio, na chini yake alikaa Kemilembe, mjane wa Rwechungura, amejifunga kanga kiunoni. Nyakato alikaa upande wa pili peke yake, mumewe Muganyizi nyuma yake. Kokugonza alikuwa safu ya tatu. Asimwe alikuwa amekesha akiutafuta ujasiri na hakuupata, akaja hivyohivyo. Mpango wake, kama ulikuwa mpango, ulikuwa kunyamaza. Byabato atasamehe, Nyakato atazaa, na yeye atarekebisha vifaa taratibu.

Byabato alifanya alivyoahidi. Alisoma sabini na moja, watu wakaguna. Akasema Baraza limeona hali ya mtuhumiwa, limeamua kumsamehe, na nyumba yake haitafungiwa. Minong'ono ikapita. Kemilembe alifumba macho.

Nyakato alisimama, mkono mmoja ukishika ukuta. Kwa siku zote zile hakuwa ametoa sauti, na sasa ilitoka imekwaruza.

"Msamaha nauchukua wa nini, waitu, wazee wangu? Anayesamehewa ni aliyekosa. Nikiupokea, mtoto wangu atakua akiitwa mtoto wa yule aliyemwacha Rwechungura afe. Kemilembe atanipita njiani akinijua hivyo." Akamgeukia mjane. "Ma Kemi, sikumsikia mumeo. Kama nilimsikia, wanifungie leo. Msamaha sitaki."

"Kaa chini, mama, usijidhuru," Byabato alisema haraka. "Mpimaji ameshathibitisha kifaa. Au siyo?"

Watu wote walimgeukia Asimwe. Ilikuwa rahisi, alitakiwa kutikisa kichwa tu. Alimwona Nyakato akisubiri bila tumaini lolote, na akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Sijathibitisha," alisema.

Hakueleza kwa maneno mengi, kwa kuwa maneno ya mipangilio na visasisho yangewalaza. Aliwaomba jambo moja, kwamba ukumbi mzima unyamaze, kama nyumba ya pacha. Walinyamaza. Tarakimu ukutani ilikuwa arobaini na nne. Ikawa hamsini. Watu waliitazama ikipanda na hakuna aliyeipandisha. Mama mmoja akaziba mdomo wa mtoto wake, na bado ikapanda. Ilipotulia, Asimwe alichukua kikapu cha kahawa ya kutafuna kilichowekwa kwa ajili ya wazee, akatoa punje moja, akaidondosha mezani.

Themanini na nne. Ukuta ukawa mwekundu.

"Punje ya kahawa," Asimwe alisema, "imetupigia nduru."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mtu alisema huko nyuma, na watu wachache wakacheka kwa woga, kisha wakakoma walipokumbuka Kahangwa. Asimwe aliona hasa wakati walipomkumbuka. Wanaume wawili waliovunja ua wa mzee yule siku ya kumfungia waliinamisha vichwa.

Aliwaeleza habari ya kengele. Aliwaambia kwa Nyakato nduru ilifika kwa thelathini na tisa, na hakuna binadamu ambaye angeisikia. Muganyizi alilia wazi mbele za watu, na Nyakato akamshika bega kwa nyuma bila kugeuka. Byabato alikuwa amekaa, uso wake umezeeka.

Ndipo Kemilembe alipofungua macho.

"Basi nani alimsikia mume wangu?"

Hakupaza sauti. Asimwe alikuwa amelijua swali hilo tangu jana na alikuwa ameomba lisiulizwe na mtu huyu.

"Kama nyumba ya kimya ilisoma zaidi," mjane aliendelea, "ya kelele ilisoma pungufu. Mimi sikusoma sana, lakini hilo naliona. Umepima zote?"

"Nimepima zote."

"Mtaje."

Byabato alitikisa kichwa kwa mbali, kwamba usifanye hivyo. Asimwe aliwaza kwamba hata sasa angeweza kusema kengele haikuonekana vizuri, kwamba haki haijengwi juu ya hesabu ya kukisia. Na tena ingekuwa kweli nusu. Lakini jana kwa Nyakato hesabu ilitosha. Isingeweza kutosha kwa jirani na kupungua kwa mama.

"Ni nyumba ya Kokugonza," alisema. "Mama yangu. Sitini na sita." "Ila hiyo ni sauti iliyofika mlangoni, Ma Kemi. Hakuna kifaa kinachoniambia kama mtu aliisikia."

"Kifaa cha nini?" Kokugonza alikuwa ameshasimama, ameshika benchi la mbele. "Nilimsikia. Alikutaja wewe, Kemilembe. Nikaongeza redio."

*

Hukumu ya kufungiwa huwa na jambo moja la mwisho, la kale kuliko Sikio na kuliko umeme. Huitwa nduru ya kuaga. Anayefungiwa husimama uani kwake apige nduru moja, na majani ya mgomba hulazwa njiani mbele ya ua. Mtu asiye wa damu yake akiyavuka, nyumba haifungwi. Ila aliyevuka amejifunga naye, na siku mmoja akikataa mwito watafungiwa wote wawili. Zamani, wazee husema, watu walivuka mara nyingi. Tangu Sikio liingie hajawahi kuvuka mtu.

Mchana huohuo Baraza lilikwenda uani kwa Kokugonza. Watu walisimama nje ya majani, mbali kidogo, kama wanaogopa yatawarukia. Karani alikaa tayari. Asimwe alishika kishikwambi, na safari hii alikuwa amemwondoa msaidizi kwa mkono wake na kukilinganisha na kipimo cha kiwandani. Yeye ni damu, asingeweza kuvuka. Kazi yake ilikuwa kusoma tarakimu.

"Piga, Kokugonza," Byabato alisema kwa upole.

Mama alisimama katikati ya ua, uzito wote kwenye mguu mzima. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Sipigi."

"Ni haki yako. Usipopiga hakuna atakayeweza kuja."

"Nimwite nani? Niliitwa nikaongeza redio." Alikuwa akilia sasa, lakini bila sauti, machozi tu. "Mtu wa namna hiyo haiti. Fungeni."

Asimwe alitaka kumpigia yeye. Nduru ilimpanda mpaka kooni, na akaimeza kwa kuwa isingehesabiwa. Tarakimu ilikuwa thelathini na moja. Upepo, majani, watu wanaopumua. Redio zote za mlima zilikuwa zimezimwa, na ukimya ulikuwa wa kweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Byabato alisubiri kwa haki kabisa, zaidi ya muda wa desturi. Thelathini na moja. Kemilembe alisimama kwenye ukingo wa majani, mikono kifuani, haondoki wala hasogei. Byabato akainua mkono kutoa amri.

Watu wakaanza kusukumana pembeni. Nyakato alikuwa akipita katikati yao, peku, tumbo mbele, akipumua kwa shida ya mlima. Muganyizi alimfuata akimshika kitenge.

"Nyakato, umefunguliwa asubuhi! Asubuhi hii! Unataka kujifunga tena, na mtoto yuko njiani?"

"Niachie, baba."

"Kama huyu mama akikosa tena siku unajifungua je?"

"Basi hatakosa," Nyakato alisema, akalikanyaga jani la mgomba, akavuka.

Byabato alishusha mkono. Alionekana kama mtu aliyesahau sheria anayoisimamia mwenyewe.

"Nyakato, mwanangu," alisema hatimaye, "hajapiga nduru. Hakuna kilichosikika."

"Najua, waitu. Mimi natoka nyumba ya kimya. Namsikia."

Alimfikia Kokugonza akasimama naye, bega kwa bega, kwa sababu tumbo halikuruhusu kukumbatiana. Mwanamke mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha goti likamshinda, wakaketi chini pamoja, taratibu, katikati ya ua. Kemilembe aliwatazama. Hakuvuka. Lakini aliinama akaliokota lile jani lililokanyagwa, akaliweka kando ya njia ili mwingine asiteleze.

Karani alimgeukia Asimwe, kalamu hewani, amechanganyikiwa. "Niandike ngapi?"

Asimwe aliitazama tarakimu mara ya mwisho. Ilikuwa ileile. Akakigeuza kishikwambi, akakilaza kifudifudi juu ya majani.

"Andika amekuja."